Spoki zinakatika kila mara: je, nihamie magurudumu ya 29?

Swali: "Habari za kazi, fundi. Nipo Moshi, nina kilo 86. Nimenunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, magurudumu 26, breki za diski, gia 9 nyuma. Napanda nayo Kibosho na Kilema mara kwa mara, na nikishuka huwa siogopi kasi. Gurudumu la nyuma limeshakata spoki nne. Nikitengeneza moja, baada ya muda inakatika nyingine. Muuzaji mmoja ana jozi ya magurudumu ya 29, safi kabisa. Ananiambia 26 zimepitwa na wakati na ndiyo maana zinakatika. Ninunue? Na gurudumu zuri nitalijuaje?"

Salama, ndugu yangu. Usinunue. Magurudumu ya 29 ni mazuri, lakini hayo hayataingia kwenye fremu yako, na hata yangeingia, kinachokata spoki zako hakihusiani na ukubwa wa gurudumu. Tuanze na hicho, maana hapo ndipo hela yako inapovujia.

Chukua zile spoki zilizokatika, kama hujazitupa, uangalie zimekatikia wapi. Nadhani utakuta zimekatika kwenye kiwiko, pale zinapoingia kwenye tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu, na nyingi zilikuwa upande wa gia. Pengine utakumbuka pia kwamba hazikukatika ulipogonga jiwe. Ulikuwa unakwenda zako taratibu, ukasikia "tang!", gurudumu likaanza kuyumba.

Watu wengi wanadhani uzito wa mwendeshaji umekalia spoki za chini, zikiwa zimesimama kama nguzo. Spoki haiwezi kuwa nguzo. Ni nyembamba mno, ukiisukuma inajikunja. Kazi yake ni kuvuta. Fundi anapofunga gurudumu anazivuta spoki zote kwa pamoja, na kwa rimu nyingi za alumini upande wa gia hufika mkazo wa kilo 100 hadi 120 kwa kila spoki. Ukipanda, zile zilizo chini kwa wakati huo hulegea kidogo, na zikizunguka kuelekea juu zinarudi kwenye mkazo wake. Yaani katika kila mzunguko, kila spoki inalegea mara moja na kukaza mara moja. Gurudumu lako likiwa na tairi nene lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo kilomita 1 ni mizunguko 470 hivi. Ukienda kilomita 20, kila spoki imelegea na kukaza zaidi ya mara 9,000.

Mkazo ukiwa wa kutosha, kulegea huko ni kudogo na spoki haioni tofauti. Ukiwa hafifu, spoki inalegea kabisa, kiwiko kinacheza kwenye tundu lake, kisha kinavutwa ghafla. Ni kama waya unaoukunja huku na huku kwa mkono mpaka ukatike. Wakati huohuo nati ya spoki, kwa kuwa haina kinachoibana, inajifungua kidogo kidogo, mkazo unazidi kupungua, na jirani zake wanabebeshwa mzigo usio wao. Upande wa gia unaumia zaidi kwa sababu pale habu imesogezwa ndani ili kaseti, lile fungu la gia za nyuma, ipate nafasi. Spoki zake zimesimama karibu wima, zinahitaji mkazo mkubwa kuliko za upande wa pili ili rimu ikae katikati, na ndizo zinazopokea nguvu ya miguu yako ukipanda mlima.

Sasa unaona kwa nini kubadilisha spoki moja moja hakukusaidii. Ile mpya ni nzima, lakini zilizobaki zimezunguka umbali uleule na ile iliyokatika. Zimechoka pamoja. Kanuni yangu karakanani ni kwamba spoki ya kwanza ikikatika nabadilisha hiyo moja, ya pili nabadilisha huku nikinung'unika, ya tatu nafungua gurudumu zima na kulifunga upya kwa spoki mpya. Wewe umefika nne.

Habu yako inaweza kutumika tena ikiwa haichezi na inazunguka bila kukwaruza. Kama ni ya gololi na koni, zile nati za ekseli ambazo gololi huzungukia, fundi aifungue, aisafishe, aweke grisi mpya, aangalie kama koni zina vishimo. Rimu nayo inaweza kutumika tena, ila ipimwe ikiwa tupu, bila spoki hata moja: ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka, uone kama inagusa kote. Rimu iliyopinda ikiwa tupu, ukiilazimisha inyooke kwa spoki, utapata gurudumu linalozunguka vizuri lakini baadhi ya spoki zimekaza mno na nyingine zimelegea, na hapo umerudi kulekule. Angalia pia kama kuna nyufa kuzunguka matundu ya spoki. Ukiona ufa, rimu hiyo imekwisha, hata iwe inang'aa vipi.

Kuhusu spoki zenyewe, ukiweza pata za chuma kisichoshika kutu, kutoka kampuni zinazoaminika kama DT Swiss au Sapim. Zile za kawaida zina unene wa milimita 2 mwanzo hadi mwisho. Zilizopunguzwa katikati, 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, ni bora zaidi kwa mtu wa uzito wako, ingawa zinaonekana dhaifu. Ile sehemu nyembamba inanyumbuka kidogo na kukiondolea kiwiko mshtuko. Nati ziwe za shaba nyeupe au njano, si za alumini, hasa kwa wasomaji wa Tanga, Mombasa na Unguja, ambako chumvi ya hewa inazila za alumini mpaka zinagandana na spoki. Spoki 32, kila moja ikipita juu au chini ya nyingine tatu kabla ya kufika kwenye rimu, zinakutosha. Gurudumu lenye breki ya diski halifungwi kwa spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka habu hadi rimu, kwa kuwa nguvu ya breki inaanzia kwenye habu na lazima spoki zilizolala ziipeleke nje.

Urefu wa spoki ndipo watu wanapokwama dukani. Chukua moja nzima ya kila upande, pima kutoka ndani ya kiwiko hadi ncha ya uzi. Mara nyingi pande mbili hutofautiana kwa milimita moja au mbili, na milimita tatu za makosa zinatosha kuharibu kazi. Ukibadilisha rimu, vipimo vya zamani havifai tena. Fundi apige hesabu upya.

Na fundi utamjuaje? Wengi wananyoosha gurudumu kwa macho tu: likizunguka bila kuyumba wanakukabidhi. Gurudumu linaweza kunyooka vizuri huku spoki moja imekaza mara mbili ya jirani yake. Wewe ligonge. Pita na kijiti au bisibisi ndogo, gonga spoki za upande mmoja moja baada ya nyingine, sauti zikaribiane. Upande wa pili utakuwa na sauti nzito zaidi, hiyo ni sawa. Kisha muulize kama amezikamua spoki mbili mbili kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote. Akikuangalia kama umemuuliza habari za mwezini, tafuta mwingine. Kule kukamua kunazikalisha spoki kwenye matundu yake, na usipokufanya, zitajikalisha zenyewe barabarani na mkazo utashuka ndani ya safari za mwanzo. Hata kwa kazi nzuri, mrudishie gurudumu baada ya safari mbili tatu alipime tena.

Tuje kwa muuzaji wako.

Hizi namba za 26, 27.5 na 29 ni kipimo cha takriban cha tairi likiwa limejaa upepo, kutoka ukingo hadi ukingo. Kipimo cha kweli ni kile cha rimu, pale tairi linapokaa, nacho kimechapishwa ubavuni mwa tairi kwa milimita: 57-559, kwa mfano, maana yake upana 57 na rimu ya 559. Rimu ya 26 ya mlimani ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Ukichukua 622 ukaongeza tairi la milimita 57 juu na chini unapata 736, ambayo ni inchi 29. Ndiyo hesabu yote, hakuna uchawi.

Ukinunua tairi, soma hizo milimita na uache inchi. Baiskeli nyingi za mjini za mtumba kutoka Japani zimeandikwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ni 590. Tairi lake halivai kwenye rimu yako hata ukilipigia magoti. Na kioja kingine: ile Phoenix ya babu, 28 x 1½, ina rimu ya 635, kubwa kuliko ya 29.

Kutoka 559 hadi 622, nusu kipenyo inaongezeka kwa milimita 31.5. Kwenye fremu ya 26 tairi litagusa kule nyuma, kwenye zile bomba mbili karibu na pedali, na mbele litagonga daraja la uma, ule unaoshika gurudumu la mbele. Ukilazimisha kwa tairi jembamba, umeinua baiskeli nzima sentimita tatu, usukani utakuwa mzito, na ncha ya kiatu chako inaweza kugusa tairi ukikata kona. Wapo wanaoingiza 27.5 kwenye fremu za 26 zenye diski, kwa kuwa pale nyongeza ni milimita 12.5 tu na diski haijali ukubwa wa rimu. Inawezekana kwa baadhi ya fremu. Lakini kwa udongo wa Kibosho wakati wa masika, nafasi ndogo iliyobaki itajaa tope na gurudumu litasimama. Sikushauri.

Halafu hata bila habari ya kipenyo, gurudumu lina vipimo vingine ambavyo muuzaji hakukutajia. Cha kwanza ni upana wa habu na unene wa ekseli. Baiskeli kama yako karibu zote zina nafasi ya milimita 100 mbele na 135 nyuma, na ekseli nyembamba inayobanwa kwa mkono bila spana. Magurudumu ya 29 ya miaka ya karibuni yana ekseli nene inayopenya fremu kutoka upande hadi upande: milimita 15 mbele, 12 nyuma, na upana wa 110 na 148, mtindo unaoitwa Boost. Kabla yake kulikuwa na 100 kwa 142. Hiyo 142 ni ile 135 iliyoongezewa milimita tatu na nusu kila upande ili ekseli ikae kwenye vifuko vya fremu, ndiyo maana baadhi ya habu zinabadilishwa vifuniko vya pembeni tu na kutumika kwa zote mbili. Boost haibadilishwi hivyo, kwa kuwa habu yenyewe imepanuliwa. Imepanuliwa kwa sababu nzuri: spoki zinasimama kwa miguu iliyotanuka zaidi, na gurudumu kubwa linahitaji hilo kuliko dogo.

Cha pili ni mahali pa kuvalisha kaseti. Yako ya gia 9 inakaa kwenye mwili wa kawaida wa kampuni ya Shimano, uleule wa gia 8 na 10. Magurudumu mapya ya gia 12 mara nyingi yana Micro Spline ya Shimano, iliyotoka 2018, au XD ya kampuni ya SRAM. Kaseti yako haivai kwenye hizo. Ungelazimika kununua kaseti, cheni, kibadilisha gia na mkono wake wa kubadilishia. Jozi ya bei nafuu ingekugharimu kuliko baiskeli.

Cha tatu ni diski: ama inafungwa kwa skrubu sita, ama kwa kifuniko kimoja cha katikati kinachoitwa Center Lock. Habu ya Center Lock inaweza kupokea diski ya skrubu sita kwa kutumia kipande cha kati. Kinyume chake hakiwezekani.

Kwa wasomaji wenye baiskeli za gia 6 au 7 ambazo friwili yake (fungu la gia lenye meno ya kushikia ndani yake) inafungwa kwa uzi moja kwa moja kwenye habu: kama ekseli zenu za nyuma zinapinda au kukatika, mkosaji ni muundo huo. Gololi za upande wa gia zipo ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikwa na kitu. Kwenye habu ya kaseti gololi zimesogezwa nje karibu na fremu. Mtu mzito anayepanda milima asinunue gurudumu la friwili, hata kama amepunguziwa bei.

Je, ni kweli 26 zimepitwa na wakati? Kibiashara, ndiyo. Ukubwa huo haukuchaguliwa kwa utafiti wowote. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta tairi nene la inchi 26 mwaka 1933 kwa baiskeli za vijana wa Marekani, na akina Gary Fisher na Joe Breeze walipoanza kushuka milima ya Marin, California, miaka ya 1970, walitumia hayo makuukuu kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo. Tairi la kwanza la mlimani la 29 lilitoka 1999, la kampuni ya WTB. Faida yake ipo: gurudumu kubwa linakutana na jiwe kwa pembe ndogo. Lakini nimepiga hesabu: jiwe la sentimita 8, gurudumu la 26 linaligusa kwa pembe ya nyuzi 40 hivi, la 29 kwa nyuzi 38 na nusu. Unaisikia, hasa ukiwa umekaa juu ya baiskeli siku nzima, ila haitoshi kukufanya uuze shamba. Kwenye mbio za baiskeli za mlimani za Olimpiki ya London ya 2012, Jaroslav Kulhavý alishinda kwa magurudumu ya 29, na Nino Schurter akawa wa pili kwa 27.5. Baada ya karibu saa moja na nusu ya mawe na miinuko, walitenganishwa na sekunde 1.

Kitu ambacho ungekisikia kuliko inchi hizo tatu ni upepo wa tairi. Wengi wanajaza mpaka namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, paundi 60 au 65. Ile ni ukomo wa tairi, haikuandikwa kukushauri. Tairi gumu linaruka juu ya kila jiwe, linakosa mshiko kwenye kona, na kila kishindo kinakwenda kwenye rimu na mikono yako. Kwa kilo 86 na tairi la upana wa inchi 2.2 lenye tyubu, anza na paundi 34 nyuma na 29 mbele, upunguze moja moja. Ukianza kupata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba, rimu imeibana tyubu kwenye jiwe. Umepitiliza, ongeza mbili. Nunua pampu yenye geji. Kidole gumba si geji.

Upana wa ndani wa rimu unahusika hapa. Rimu nyingi za 26 za zamani zina milimita 19 hivi ndani, na tairi la 2.1 au 2.2 linakaa vizuri. Ukivalisha la 2.4 na kupunguza upepo, litalala upande kwenye kona. Ukibadilisha rimu, tafuta yenye 23 hadi 25 ndani na kuta mbili; ndiyo nafuu kubwa utakayoipata bila kuondoka kwenye 26.

Ukishuka huku tambarare, mbigili na miiba ya migunga itakusumbua. Dawa ya kweli ni tairi lisilo na tyubu lenye maji ya mpira ndani: mwiba ukitoboa, yanakimbilia tundu na kuliziba. Yanahitaji rimu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na mkanda usiopitisha hewa, na kwa joto letu yanakauka, kwa hiyo ongeza kila baada ya miezi miwili mitatu. Rimu yako ya zamani isipokuwa ya aina hiyo, usibahatishe na gundi na mkanda wa bomba. Tairi likichomoka kwenye mteremko wa Kilema halitakuomba ruhusa. Tia hayo maji ndani ya tyubu yenyewe, kwa zile zenye valvu nene kama ya gari ambayo moyo wake unafunguka. Na angalia tundu la valvu kwenye rimu: la valvu ya gari ni milimita 8.5, la valvu nyembamba ni 6.5.

Baada ya yote hayo, kama roho bado inataka 29, sina ugomvi nayo. Uza baiskeli hii ikiwa na gurudumu jipya la nyuma, ununue 29 nzima, fremu na uma vya kwake. Ukiwa pale kwenye mitumba, inua kila gurudumu, shika tairi ulitikise kushoto na kulia: likicheza, habu inadai matengenezo. Lizungushe ukitazama rimu dhidi ya fremu. Kamua spoki mbili mbili kote. Zikikunjika kirahisi chini ya vidole, punguza bei kwa gharama ya kulifunga upya gurudumu, au iache. Piga pedali kinyume na usikilize kama meno ya ndani yanashika yote. Na kama rimu ni za kaboni, ziache hata akupe kwa bei ya bure: nyufa zake zinajificha, na spea yake hapo Moshi huipati.